Barabara za Nairobi na Majina ya Masetla: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara watu wanapoanza kubishania jina la barabara, iwe ni kwenye matatu, kwenye matanga au mezani mwa chai. Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yenye utata. Mengi yanahusu Nairobi kwa sababu huko ndiko majina ya walowezi yalikojazana kuliko mji mwingine wowote wa Kenya, lakini njia ya kufuatilia ni ileile ukiwa Nakuru, Naivasha au Kitale. Msimamo wetu utauona mapema: ukitaka kujua jina lilikotoka, fuata ardhi kwanza, mtu baadaye.

## Mambo ya msingi

Masetla wa mwanzo ni akina nani hasa?

Kwa Nairobi ni watu waliokuja kushika ardhi au kufungua biashara kati ya mwaka 1899 na Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli iliingia hapa mwishoni mwa Mei 1899, mahali palipokuwa na kinamasi na maji baridi ambako Wamaasai walinyweshea mifugo. Mwaka huohuo makao ya mkoa yakahamishwa kutoka Machakos. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa wageni mikataba ya kukodi ya miaka 99, na ile ya 1915 ikaivuta hadi miaka 999. Mtu akiandikiwa ardhi kwa muda kama huo, jina lake hukaa kwenye ramani, na njia inayopita shambani kwake huanza kuitwa kwa jina lake hata kabla ya kuwekwa kibao.

Setla akitajwa, wengi humwona Mzungu mwenye kofia pana na bunduki begani. Lakini walikuwepo pia Wahindi, Waswahili na Wanubi, na baadhi yao walitangulia. Hao wana swali lao huko chini.

Je, kila jina la Kizungu lilikuwa la setla?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Nenda Kenyatta Avenue uone mwenyewe. Anzia upande wa Moi Avenue, tembea kuelekea Uhuru Highway, ukihesabu barabara zinazoikata au kuishia hapo. Utakutana na Kimathi, kisha Wabera, kisha Muindi Mbingu, kisha Koinange. Zamani zilikuwa Hardinge Street, Eliot Street, Stewart Street na Sadler Street.

Sasa pachika miaka. Arthur Hardinge alisimamia himaya hii tangu 1895 hadi 1900. Charles Eliot akamfuata hadi 1904, Donald Stewart akashika hadi alipofariki 1905, kisha akaja James Hayes Sadler hadi 1909. Barabara zimepangwa kwa mfuatano uleule wa utawala wao, kutoka mashariki kwenda magharibi. Yaani ukitembea dakika chache umepita miaka 14 ya serikali.

Wote wanne walikuwa maofisa waliotumwa na London, si wakulima wala wafanyabiashara. Eliot ndiye aliyewaita masetla kwa wingi, lakini yeye mwenyewe alijiuzulu akaondoka. Whitehouse Road, ambayo leo ni Haile Selassie Avenue, iko katika kundi hilohilo la waajiriwa, maana George Whitehouse alikuwa mhandisi mkuu wa reli. Kwa hiyo ukikuta jina la Kizungu, swali la kwanza liwe hili: mtu huyu alilipwa mshahara na serikali, au alimiliki ardhi?

Basi ni barabara zipi hasa zilizoitwa kwa majina ya masetla?

Zinazotajwa zaidi ni nne. Delamere Avenue, ambayo kabla ya hapo iliitwa Sixth Avenue, sasa ni Kenyatta Avenue. Grogan Road sasa ni Barabara ya Kirinyaga. Jeevanjee Street sasa ni Mfangano Street. Doonholm Road, iliyotokana na shamba na si moja kwa moja na mtu, sasa ni Jogoo Road.

Grogan tumempa sehemu yake hapa chini, kwa sababu ndiye anayeulizwa sana na ndiye aliyegoma kutoka midomoni mwa watu.

Delamere alikuwa nani, na sanamu yake ilienda wapi?

Hugh Cholmondeley, Baron Delamere wa tatu, alizaliwa 1870 akafariki 1931. Mara ya kwanza alifika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 akiwa kwenye safari ya kuwinda iliyoanzia Somalia. Baadaye akarudi kuishi, akapewa ardhi kubwa mno Njoro, kisha akashika Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita. Njoro alijaribu ng'ombe, kondoo na ngano, akapata hasara moja baada ya nyingine kabla ya mambo kumnyookea. Kisiasa alikuwa kiongozi wa masetla wa Kizungu kwa miaka mingi.

Sanamu yake ilisimama kwenye barabara iliyobeba jina lake. Uhuru ulipokuja iliondolewa, ikapelekwa Soysambu kwa familia yake. Jina nalo halikufutika nchini. Uliza msafiri yeyote wa Nakuru basi limesimama wapi Naivasha, atakwambia Delamere, na mkononi ana maziwa mgando.

Kwa nini Kenyatta Avenue ni pana hivyo?

Maelezo yanayorudiwa ni kwamba ilipimwa ili mkokoteni wa kukokotwa na jozi nyingi za maksai uweze kugeuka bila kukwama. Kwa mji ulioanza wakati mizigo ya mashambani ilivutwa na maksai, maelezo hayo yana mantiki. Hayahusiani na heshima ya Delamere hata hivyo. Upana ulikuwepo barabara ingali Sixth Avenue.

## Grogan, jina lililokataa kufa

Grogan alikuwa nani?

Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyezaliwa 1874. Umaarufu wake ulianza kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Inasimuliwa kwamba alifunga safari hiyo ili baba wa kambo wa mchumba wake, Gertrude Watt, aamini kwamba kijana huyu anafaa. Akamwoa. Alifika Kenya 1904, akaingia kwenye mbao, ardhi, bandari ya Mbaraki kule Mombasa na baadaye mkonge huko Taveta. Mwaka 1928 alifungua Torr's Hotel pale Delamere Avenue inapokutana na Hardinge Street. Alifariki Afrika Kusini mwaka 1967, akiwa ameishi kuona uhuru wa Kenya.

Mdomo wake ulikuwa mrefu kama mali yake. Hata masetla wenzake walichoshwa naye.

Kwa nini barabara hiyo hasa ikapewa jina lake?

Kwa sababu ya ardhi. Grogan alinunua eneo kubwa la kinamasi kando ya Mto Nairobi, lile bonde ambalo leo liko kati ya mitaa ya chini ya jiji na Ngara. Wakati huo palikuwa matope, mafunjo na mbu, na walioliona dili hilo walicheka. Mji ulipopanuka, ardhi ile ikawa katikati ya biashara na yeye akaiuza kwa faida kubwa. Barabara iliyopita ukingoni mwa kinamasi hicho, sambamba na mto, ndiyo ikaitwa Grogan Road.

Huu ni mfano mzuri wa kanuni tuliyoitaja mwanzoni. Hakupewa barabara kwa ajili ya safari ya Cape hadi Cairo, ingawa ndiyo hadithi tamu zaidi. Alipewa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa jirani.

Ni kweli aliwachapa watu hadharani?

Ni kweli, na imeandikwa vizuri. Tarehe 14 Machi 1907, Grogan, aliyekuwa rais wa chama cha masetla, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wavuta riksho mbele ya mahakama ya Nairobi, huku umati wa Wazungu ukitazama. Alidai waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamewabeba. Ofisa aliyejaribu kumzuia hakusikizwa. Kesi ilipofika mahakamani Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, na kosa lililomtia hatiani lilihusu mkusanyiko usio halali. Kuwaumiza wale watatu halikuwa jambo lililoipa mahakama hiyo shida sana.

Wanaouliza swali hili mara nyingi huongeza lingine: basi kwa nini barabara ikapewa jina la mtu kama huyo baada ya hapo? Jibu ni kwamba waliokuwa wakitoa majina walikuwa ni wale waliosimama wakitazama.

Kama jina lilibadilishwa kuwa Kirinyaga, mbona watu bado wanasema Grogan?

Kwa sababu ya spea. Baada ya uhuru barabara hiyo na vichochoro vyake vilijaa maduka ya vipuri, mafundi wa jua kali, wachomeleaji na wauza vyuma kuukuu. Fundi wa Kawangware akikosa kikombe cha breki cha gari la zamani, hakwambii uende Barabara ya Kirinyaga. Anakwambia "enda Grogon", kwa matamshi hayo, na wengine huandika hivyohivyo kwenye stakabadhi. Jina limeacha kumaanisha mtu, likawa linamaanisha soko. Ukimuuliza kijana anayeuza taa za nyuma za gari pale kwamba Grogan alikuwa nani, huenda akakujibu kwamba ni hapa hapa.

Jambo hilo lina maana kwa mtafiti. Jina la mdomoni huishi pale linapofanya kazi. Hardinge na Sadler walisahaulika haraka kwa sababu barabara zao hazikuuza kitu kimoja kinachojulikana nchi nzima.

Je, kuna mahali pengine jina la familia hiyo limebaki?

Lipo, na ni la mke wake. Hospitali ya watoto ya Gertrude's pale Muthaiga ilianzishwa 1947 kwenye ardhi iliyotolewa na Grogan kwa kumbukumbu ya Gertrude, aliyekuwa ameshafariki. Wazazi wengi hulitaja jina hilo wakiwa na mtoto mwenye homa bila kujua linatoka nyumba moja na lile la soko la vipuri.

## Kufuatilia barabara ya kwenu

Nianzie wapi?

Anza na namba ya ardhi. Hati za zamani za Nairobi zina namba ya L.R. (Land Reference, namba ya usajili wa ardhi) yenye mkwaju katikati, mfano 209/ ikifuatwa na tarakimu nyingine. Kile kilicho kabla ya mkwaju ni kiwanja mama, na kinachofuata ni kipande kilichokatwa kutoka humo. 209 ni katikati ya jiji. Eastleigh utakuta 36/. Karen utakuta namba kama 1160/ na 2259/. Ukiwa na namba ya kiwanja mama, umeshapata shamba lilivyokuwa kabla halijagawanywa, na mara nyingi barabara yako ilikuwa mpaka wa shamba hilo au njia ya kuingilia nyumba kubwa.

Hapo sasa unauliza: nani aliandikishwa kwanza kwenye shamba hili? Jina la barabara likifanana na jina la mtu huyo, mkewe, shamba lake au kijiji alikozaliwa Ulaya, umekaribia sana.

Nyaraka zenyewe ziko wapi?

Ramani za upimaji ziko Survey of Kenya, Ruaraka, kando ya Thika Road. Kumbukumbu za umiliki ziko chini ya Wizara ya Ardhi, na kwa miaka mingi mlango wake umekuwa Ardhi House. Barua, ripoti za wilaya na mafaili ya halmashauri yako Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki, mkabala na palipokuwa hoteli ya Hilton. Utalipa ada ya utafiti, utaacha mkoba mlangoni, na utaombwa utumie penseli. Watumishi wa pale ni wavumilivu ukienda na swali mahususi. Ukienda na "nataka historia ya mtaa wetu" utaletewa mlima wa mafaili na jua litazama.

Magazeti ya zamani yatafute maktaba ya McMillan, Banda Street, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Jengo lenyewe limebeba jina la setla, William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na ardhi Ol Donyo Sabuk.

Gazeti Rasmi la Serikali linasaidia vipi?

Linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Limechapishwa tangu 1899, na matoleo mengi sasa yanasomwa bure mtandaoni. Humo utapata matangazo ya ardhi, notisi za mirathi mtu anapofariki, leseni na majina ya walioteuliwa kwenye bodi za barabara. Notisi ya mirathi ni dhahabu, kwa kuwa hutaja marehemu aliishi wapi, na mara nyingi hutaja jina la shamba.

Onyo dogo: tahajia hubadilika. Tafuta jina kwa namna tatu au nne kabla ya kusema halipo. Tazama pia swali la Donholm.

Wazee wa mtaa wanafaa kuulizwa?

Wanafaa sana, lakini swali liwe zuri. Ukimuuliza mzee "shikamoo, jina la barabara hii lilitoka wapi?" atakupa hadithi aliyoisikia, na hadithi hiyo huenda ni ya juzi. Muulize alichuma kahawa kwa nani. Muulize geti lilikuwa wapi, nani alilipa mshahara, ng'ombe walioshewa wapi dawa ya kupe, na nyapara alikuwa nani. Hayo aliyaona kwa macho yake.

Kumbuka pia kwamba wafanyakazi waliwapa mabwana majina yao wenyewe, kwa tumbo, mwendo au ukali. Mzee anaweza kumjua setla vizuri kabisa kwa jina la utani na asilijue lile lililo kwenye ramani. Kazi yako ni kuyakutanisha majina mawili, na kinachoyakutanisha ni mahali.

Makaburini je?

Nenda. Kaburi lina mwaka, na mwaka hukata ubishi mwingi. Makanisa ya zamani nayo yana vibao vya shaba ukutani.

## Mashaka na mabishano

Karen ni Karen yupi?

Hapa hakuna amani. Wengi husema eneo na Karen Road vimeitwa kwa jina la Karen Blixen, mwandishi Mdenishi aliyelima kahawa chini ya Ngong hadi 1931, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Wengine wanaonyesha kwamba kampuni ya kahawa ilikuwa ya familia, mwenyekiti wake alikuwa mjomba wake Aage Westenholz, na Westenholz alikuwa na binti aitwaye Karen pia. Kampuni iliitwa Karen Coffee Company. Shamba lilipouzwa, mnunuzi aliligawa viwanja na jina likabaki.

Tukilazimishwa kuchagua, tungesema eneo liliitwa kwa jina la kampuni, na ubishi wa kweli uhamie kwenye kampuni iliitwa kwa jina la nani. Angalau kwa Bogani Road hakuna vita: Mbogani ndilo lilikuwa jina la nyumba ya shamba hilo, ile ambayo leo ni makumbusho.

Ni Donholm au Doonholm?

Zote ni sahihi, kila moja na wakati wake. Shamba lilikuwa la Mskoti James Kerr Watson, naye alilipa jina la Doonholm, mahali palipo Ayrshire, Uskoti, karibu na mto Doon. Barabara ya kwenda huko ikawa Doonholm Road. Katika kuandikwa na kutamkwa na watu wengi, o moja ikadondoka, na mtaa wa leo unaandikwa Donholm. Barabara yenyewe ikapewa jina la Jogoo, alama ya KANU. Matokeo yake ni kwamba jina la setla limehama kutoka barabarani likaingia kwenye nyumba za watu, na matatu zinaendelea kuliita kila asubuhi.

Kuna jina lililotokana na namba ya shamba?

Lipo, tena ni la mji mzima. Eldoret ilianza kama Farm 64, namba ya kiwanja kwenye ramani ya Uasin Gishu, baada ya Makaburu wa kundi la Jansen van Rensburg kupanda huko na magari yao ya maksai mwaka 1908. Posta ilifunguliwa kwenye kiwanja hicho, na mji ukaitwa 64 hadi ulipopewa jina la Eldoret mwaka 1912. Hadi leo wenyeji wengi husema Sisibo, ambayo ni ile sitini na nne ya Kizungu iliyotafunwa ikalainika. Ni ndugu wa Grogon kwa tabia.

Mbona mnazungumzia Wazungu tu? Wahindi, Waswahili na Wanubi walikuwa wapi?

Lalamiko ni la haki. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alileta vibarua na vyakula wakati wa ujenzi wa reli, akajenga soko la Nairobi, akaanzisha mwaka 1902 kule Mombasa gazeti lililokuja kuwa The Standard, na akatoa bustani iliyofunguliwa 1906. Barabara yake ilipewa jina jipya, bustani ikabaki Jeevanjee. Biashara Street nayo ilikuwa Bazaar Street, yenye maduka ya Wahindi yaliyopangana kwa miaka mingi.

Waswahili na watu wengine wa pwani walijenga vijiji vyao mapema, kama Pangani, jina lilelile la mji ulio pwani ya Tanga. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo, lakini jina halikung'oka. Wanubi, wanajeshi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni) waliotoka upande wa Sudan, walipewa kukaa Kibera, na wao husema Kibra. Kariakor ilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, na Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyohiyo.

Tofauti unayoiona ni hii: majina ya Wazungu yaliwekwa kwenye vibao, ya wengine yaliwekwa midomoni. Ndiyo maana vibao vilipobadilishwa, ya kwanza kuanguka yalikuwa ya Wazungu.

Nimepata hadithi mbili za jina moja. Niamini ipi?

Tazama mwaka. Chukua Dagoretti. Mjini kuna hadithi kwamba jina lilitokana na Waingereza walioiita "the great corner", yaani kona kubwa, ikaharibika matamshi. Inachekesha, lakini Kapteni Lugard alijenga ngome na kuiita Dagoretti mwaka 1890, miaka tisa kabla ya reli kufika Nairobi. Hapakuwa na barabara, sembuse kona. Hadithi imekufa hapohapo.

Njia hii hufanya kazi mara nyingi. Jina haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kinachodaiwa kulizaa. Kama kumbukumbu ya zamani zaidi unayoipata ina mwaka unaopingana na hadithi, weka hadithi kando, ila iandike, maana nayo inakuonyesha watu walifikiri nini. Ukikwama kati ya hadithi mbili ambazo zote zinaruhusiwa na miaka, kama ya Karen, andika zote mbili na uache hivyo.

Barabara yetu ina jina la mti au mnyama. Kuna setla nyuma yake?

Kwa kawaida hapana. Shamba lilipogawanywa viwanja vya makazi, mpimaji alihitaji majina mengi kwa haraka, akachota miti, ndege na wanyama. Usihangaike.

## Kubadilisha na kubakiza

Nani ana mamlaka ya kubadilisha jina la barabara Nairobi leo?

Serikali ya kaunti, na hoja hupitia bunge la kaunti. Zamani ilikuwa halmashauri ya jiji. Wimbi kubwa lilikuja baada ya uhuru, na mengine yakafuata matukio: Victoria Street ikawa Tom Mboya Street baada ya Mboya kuuawa kwa risasi Julai 1969, na Government Road, barabara aliyouawa, ikaja kuwa Moi Avenue baada ya 1978.

Kibali cha kaunti si kibali cha wananchi. Mwaka 2021 Dik Dik Gardens kule Kileleshwa ilipopewa jina la kiongozi wa wafanyakazi Francis Atwoli, kibao kiling'olewa, na kilipowekwa tena kikachomwa.

Mbona mengine hayakuguswa?

Yaliyobadilishwa kwanza ni yale yaliyokuwa katikati ya jiji na yenye sura ya utawala: malkia, magavana, Delamere. Ya pembeni yaliachwa kwa sababu yalishakuwa majina ya mitaa, shule, vituo vya basi na vilabu, na kuyabadilisha kungewasumbua wengi. Racecourse Road bado ipo ingawa farasi walihama zamani kwenda Ngong Road.

Jina la barabara likibadilishwa, hati yangu ya ardhi inakuwa batili?

Haiwi. Hati husimama kwa namba ya kiwanja, si kwa jina la barabara, hivyo L.R. yako inabaki ileile hata kibao kikibadilishwa mara tatu. Kinachosumbua ni anwani: bili za maji, leseni ya biashara, usajili wa kampuni, na ramani za simu zinazochelewa kufuata. Barua za zamani za familia ndizo hasa za kuangalia. Babu akiwa ameandika anwani ya Sadler Street kwenye mkataba wa 1955, mwanasheria wako anatakiwa kujua kwamba hiyo ni Koinange, na njia ya haraka ya kumthibitishia ni ramani mbili za jiji, moja ya kabla ya uhuru na moja ya baadaye, zikiwekwa kando kwa kando.